Kuongeza kizimba cha diski kwenye seva: hesabu kwanza, bisibisi baadaye

Ukisimama mbele ya seva ya yuniti mbili kwenye raki, uso wake unakuonyesha mengi. Upande mmoja kuna diski nane zimepangwa wima bega kwa bega, taa zake zikipepesa. Upande mwingine kuna vibati vyeusi vilivyofunika utupu. Mwenye seva akishaambiwa kwamba nafasi inakaribia kwisha, macho yake huenda kwenye vile vibati, naye huuliza: "Fundi, pale hapawezi kuingia diski nyingine?"

Panaweza. Kinachoingia pale ni kizimba cha diski: fremu ya chuma yenye reli za kupokea trei, na nyuma yake bodi ya saketi ambayo mafundi huiita bakipleni. Ukisukuma diski ndani, inajichomeka kwenye bakipleni, na bakipleni ndiyo inayoipa umeme na kupitisha data yake. Kukiweka kizimba chenyewe hakuchukui hata saa nzima. Nimeifanya kazi hii mara nyingi hapa Lubumbashi, na karibu kila iliyoharibika iliharibika kabla seva haijafunguliwa: mtu alinunua kwanza, akahesabu baadaye. Kwetu kosa hilo ni ghali. Kipuri kinaagizwa Johannesburg au Dubai, kinapita mpakani Kasumbalesa, kinalipiwa forodha. Kikifika na kugundulika kuwa si chenyewe, hakuna duka la kukibadilishia mchana huohuo.

Mifano nitaitoa kwenye HPE ProLiant DL380 Gen9 na Gen10, maana ndizo ninazokutana nazo zaidi, mpya na za mtumba. Kwa seva za Dell PowerEdge, idadi ya nafasi za mbele mara nyingi huamuliwa kiwandani pamoja na chasisi. Kwa hiyo kabla ya kuwaza kizimba, soma kitabu cha seva yako uone kama chasisi hiyo inakubali kuongezwa.

Hatua ya 1: Andika ulicho nacho

Chukua daftari. Andika modeli, kizazi, na namba ya seva. Andika aina ya kontrola ya RAID (kadi inayozisimamia diski kadhaa kama kundi moja), idadi ya prosesa, wati za kila pawasaplai, aina ya feni, na kilichomo katika kila nafasi ya mbele. Kwenye seva za HPE mengi ya haya yanaonekana kwenye ukurasa wa iLO, mfumo wa kuisimamia seva kwa mbali kupitia mtandao, bila kugusa mashine. Kwenye Linux yenye ssacli, programu ya HPE ya kusimamia kontrola, amri hii itakupa picha yote ya diski na kontrola:

ssacli ctrl all show config detail

Hifadhi matokeo yake kwenye faili nje ya seva hiyo. Siku ya kazi mambo yakivurugika, faili hiyo itakuonyesha diski ipi ilikuwa wapi.

Hatua ya 2: Hesabu njia

Kama una subira ya kusoma sehemu moja tu, soma hii.

Kontrola ya SAS (SAS ni aina ya muunganisho wa diski za seva) huzungumza na diski kupitia njia. Kebo moja ya ndani ya aina ya SFF-8087, ile ya zama za gigabiti 6 kwa sekunde, hubeba njia 4. SFF-8643, ya zama za gigabiti 12, nayo hubeba 4. Bila kifaa cha kugawa, njia moja ni diski moja. Kontrola ya P408i-a iliyo katika DL380 Gen10 nyingi ina poti mbili za ndani, yaani njia 8. Kizimba cha kwanza chenye diski nane tayari kimezimaliza zote.

Niliwahi kuitwa kwenye seva ambayo kizimba cha pili kilikuwa kimekaa sawasawa na waya wa umeme umechomekwa vizuri, lakini kontrola haikuona hata diski moja mpya. Fundi aliyetangulia alikuwa ameshabadilisha diski mara mbili akidhani ni mbovu. Nilipoinua kava niliona kebo za data za kizimba kipya zimekunjwa vizuri pembeni, hazijachomekwa popote, kwa sababu hapakuwa na poti iliyobaki. Mwenye seva alisubiri wiki kadhaa kipuri cha pili kifike, na diski nane alizokwisha kuzilipia zimekaa ndani ya boksi.

Kwa hiyo kizimba cha pili kinahitaji njia zake, na zinapatikana kwa namna tatu.

Ya kwanza ni kuweka kontrola kubwa zaidi. P816i-a ina njia 16, inalisha vizimba viwili moja kwa moja. Ya pili ni kuongeza kontrola nyingine kwenye sloti ya PCIe, tundu la kadi za nyongeza. Inafanya kazi, ila kumbuka kwamba kundi moja la RAID haliwezi kuvuka kontrola mbili: diski za kizimba kipya zitakuwa kundi lake, na diski ya akiba iliyoko upande mmoja haitaokoa upande wa pili.

Ya tatu ni kadi ya ekispanda ya SAS. Hii inachukua njia 8 za kontrola na kuzigawia diski nyingi, kama njia panda yenye askari wa barabarani. Kwa diski za kuzunguka, ndiyo ninayoipendekeza, na hesabu inaniunga mkono. Njia moja ya gigabiti 12 hupitisha takribani gigabaiti 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo njia 8 ni karibu 9.6. Diski ya mizunguko 10,000 kwa dakika hutoa kiasi cha megabaiti 200 kwa sekunde. Hata 24 zikikimbia kwa pamoja ni karibu gigabaiti 4.8, nusu ya barabara. SSD, diski zisizo na sehemu inayozunguka, ni habari nyingine. SSD 24 za SATA (muunganisho wa diski za kompyuta za kawaida), kila moja ikitoa kama megabaiti 550, zinadai zaidi ya gigabaiti 13, ilhali sloti ya PCIe ambamo kontrola inakaa, ya kizazi cha 3 yenye njia zake 8, haifiki hata gigabaiti 8. Mwenye SSD nyingi na hifadhidata yenye kazi nzito agawe kazi kwa kontrola mbili.

Angalia pia kwamba ekispanda na kontrola ya ziada hukalia sloti, na sloti za raiza ya pili (raiza ni bodi ndogo inayobeba sloti) hufanya kazi tu kama prosesa ya pili ipo. Seva yenye prosesa moja inaweza kuonekana ina sloti tele, kumbe nusu yake zimelala.

Hatua ya 3: Tafuta kizimba kwa namba yake

Vizimba vya Gen9 na Gen10 vikiwekwa mezani pamoja, macho hayaoni tofauti kubwa. Namba ndiyo inayotofautisha. Kizimba cha diski nane ndogo (za inchi 2.5) cha DL380 Gen9 kwa nafasi ya pili kinauzwa kwa namba 768857-B21. Cha Gen10, kwa kisanduku (nafasi ya kizimba) cha 1 au cha 2, ni 826691-B21. Usimwambie muuzaji "kizimba cha DL380". Mpe namba, akutumie picha ya lebo ya kipuri chenyewe, halafu ndipo ulipe. Muuzaji mwaminifu hakasiriki akiombwa picha.

Uliza na kilichomo ndani ya boksi. Kifurushi kamili huwa na kizimba, bakipleni, waya wa umeme wa bakipleni na kebo za data. Kwenye soko la mtumba mara nyingi kinakuja kizimba na bakipleni tu, na kebo unaanza kuzitafuta upya. Kebo nazo zina urefu wake: ya kutoka kwenye ubao mkuu hadi kisanduku cha karibu inaweza isifike kisanduku cha mbali.

Trei ni mtego mwingine. Trei za diski ndogo za SAS na SATA za Gen8, Gen9 na Gen10 ni jamii moja. Za G7 kurudi nyuma haziingii, na kuanzia Gen10 Plus HPE ilibadilisha tena. Hesabu trei mapema. Diski nane bila trei nane ni vyuma vya mezani.

Hatua ya 4: Joto, vumbi na umeme wetu

Kwenye karatasi ya seva imeandikwa kwamba inafanya kazi kati ya nyuzi 10 na 35 za Selsiasi. Mstari unaofuata husomwa na wachache: kiwango cha juu kinapungua nyuzi 1 kwa kila mita 305 juu ya usawa wa bahari. Lubumbashi iko kwenye mita zipatazo 1,200. Gawanya, utapata karibu nyuzi 4. Kwa hiyo 35 ya mji wa pwani, kwetu ni 31. Sababu ni hewa: kadiri unavyopanda ndivyo inavyokuwa nyepesi na kubeba joto kidogo. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu, walio karibu mita 1,500, wanapoteza nyuzi 5, ingawa wao wana ubaridi wa Ziwa Kivu. Sisi tuna Oktoba, mvua hazijashika, na mchana unapita nyuzi 30 hata kivulini.

Kizimba kipya kinaongeza joto mbele kabisa, pale pale hewa inapoingilia. Prosesa zilizo nyuma zitapokea hewa iliyokwisha kupashwa na diski. Ndiyo maana kwa seva iliyojazwa diski mtengenezaji anaweza kudai feni zenye nguvu zaidi. Angalia QuickSpecs, karatasi ya HPE ya sifa za modeli yako, kabla ya kuagiza, uziweke kwenye oda ileile. Kama chumba chako hakina kiyoyozi kinachofanya kazi mwezi wa kumi, anza na kiyoyozi. Nasema hivyo kwa moyo wote, hata kama mteja alikuja kununua diski.

Vumbi jekundu la kiangazi, kuanzia Mei, hujaza bakipleni na feni. Kabla ya kuongeza chochote, itoe seva nje, ipulize kwa hewa kavu ya blowa huku ukizuia mapanga ya feni yasizunguke. Usitumie mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi ndani ya seva, inazalisha umeme tuli.

Kuhusu umeme, diski ya inchi 2.5 ya SAS ikiwa kazini hula kiasi cha wati 6 hadi 8, basi nane ni kama 60. Za inchi 3.5 hula zaidi, na wakati wa kuanza kuzunguka kila moja inaweza kupita wati 20 kwa sekunde chache. Jumlisha na mzigo wa sasa unaoonyeshwa na iLO. Jumla hiyo lazima ibebwe na pawasaplai moja peke yake, maana ya pili ipo kwa ajili ya siku ambayo mwenzake atakufa. Halafu iangalie UPS, betri inayoshikilia umeme ukikatika, ile tunayoiita hapa onduleur. SNEL, shirika la umeme, wakikata, dakika ulizozoea zitakuwa pungufu. Zipime upya kwa saa mkononi, na uhakikishe seva inajizima yenyewe kabla betri haijaisha.

Hatua ya 5: Diski zenyewe

Kontrola ya SAS inapokea diski za SAS na za SATA. Kinyume chake hakiwezekani: diski ya SAS haifanyi kazi kwenye kontrola ya SATA. Katika kundi moja la RAID usichanganye aina hizi mbili, wala ukubwa. Kundi hupima kila diski kwa iliyo ndogo kuliko zote.

Ukinunua za mtumba, kuna jambo ambalo limewafanya mafundi wengi watupe diski nzima. Diski zilizotolewa kwenye makabati makubwa ya hifadhi, kama ya NetApp, mara nyingi zimeumbizwa kwa sekta za baiti 520 badala ya 512. Kontrola ya kawaida inaikataa diski kama hiyo au inaonyesha ni mbovu, kumbe ni nzima. Iunganishe kwenye kompyuta yenye kadi ya SAS isiyo ya RAID, uhakikishe mara mbili jina la diski kwa sababu kazi hii inafuta kila kitu, kisha:

sg_format --format --size=512 /dev/sgX

Inachukua saa kadhaa. Umeme ukikatika katikati, diski itabaki nusu nusu na utaanza upya. Kwa hiyo ifanye wakati jenereta ina mafuta.

Hatua ya 6: Nakala

Fanya nakala kamili ya data usiku wa kuamkia kazi, kwenye mashine nyingine. Kisha rejesha faili tatu nne kutoka kwenye nakala hiyo na uzifungue. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa siihesabu kuwa nakala. Usiku huohuo weka masasisho ya mfumo na ya kontrola, seva ikiwa bado na vizimba vyake vya zamani. Likitokea tatizo utajua halitoki kwenye kizimba.

Hatua ya 7: Siku ya kufungua

Diski zinaweza kuchomolewa mashine ikiwa hai, na hilo huwadanganya watu wadhani kizimba nacho ni hivyo. Sivyo. Zima seva kwa utaratibu wa mfumo wake, kisha chomoa nyaya zote mbili za umeme na usubiri taa za ndani zizimike.

Vaa bangili ya kuondoa umeme tuli, au ushike chuma kitupu cha chasisi kila mara kabla ya kugusa bodi. Hapa Lubumbashi jambo hili lina msimu wake: asubuhi za Juni na Julai, hewa ikiwa kavu na sote tumevaa sweta, cheche hutoka vidoleni mtu akigusa mlango. Vua sweta.

Ivuteni seva kwenye reli mkiwa wawili; iliyojaa diski hupita kilo 20. Ondoa kava ya juu, kisha kava ya plastiki inayoongoza hewa, kisha fremu ya feni. Piga picha kwa simu kila unapotoa kitu. Zinakuwa picha nyingi, na utazihitaji.

Sasa fungua kibati cha nafasi tupu kwa ndani na ukitoe. Ingiza kizimba kutoka mbele, polepole, hadi kisikike kimeshika. Kikikwama usikilazimishe, kitoe uangalie kama waya umelala njiani. Penye skrubu, bisibisi ya nyota ya T-10 na T-15 inatosha.

Chomeka waya wa umeme wa bakipleni, kisha kebo za data. Kila kebo ina namba ya poti, na mpangilio uliochapwa ndani ya kava ya seva unaonyesha ipi inaenda wapi. Zipitishe kando ya ukuta wa chasisi kwenye vishikizo vyake, zisikatize mbele ya feni. Kebo iliyokunjwa kwa pembe kali inaweza kufanya kazi leo na kuanza kuleta makosa ya kusoma baada ya miezi, na hilo ni gumu sana kulifuatilia. Rudisha feni, rudisha kava ya hewa. Nafasi isiyo na diski iwekewe kizibo chake. Tundu likiachwa wazi hewa inapita pale penye urahisi na kuziruka diski zinazoihitaji.

Hatua ya 8: Washa, tazama, usikimbilie

Washa seva bila diski mpya kwanza. Hakikisha kundi la zamani limerudi salama na feni zote zinasomeka. Ndipo uingize diski mpya moja moja, ukisubiri kila moja itambulike.

Bakipleni nyingi za diski nane zina poti mbili za njia nne nne. Ukiona diski nne zinaonekana na nne hazionekani, usishuku diski. Ni kebo moja haijakaa. Zote nane zisipoonekana, angalia waya wa umeme wa bakipleni, kisha poti upande wa kontrola. Diski za mtumba zikileta ujumbe kwamba zina mpangilio wa RAID wa mashine nyingine, ufute mpangilio huo kwenye hizo mpya tu, baada ya kulinganisha namba zake na daftari la hatua ya kwanza.

Hatua ya 9: Kundi jipya au kupanua la zamani?

Kontrola nyingi zinaruhusu kulipanua kundi la zamani liingize diski mpya. Mimi sifanyi hivyo kwenye mji unaokatikiwa umeme. Upanuzi huandika upya kila kipande cha data, unaweza kuchukua siku nzima na zaidi, na uhai wake unategemea betri ya kashe, kumbukumbu ya muda ya kontrola, kuwa nzima. Naunda kundi jipya kwenye kizimba kipya, naliacha la zamani lilivyo, kisha nahamisha kazi taratibu.

Kwa diski nane za terabaiti 1.2, RAID 6 inakupa terabaiti 7.2 na inavumilia kufa kwa diski mbili. RAID 10 inakupa 4.8, ila inaandika haraka zaidi, nzuri kwa hifadhidata. RAID 5 siiweki kwenye diski kubwa: moja ikifa, ujenzi mpya unazisoma zote zilizobaki kwa saa nyingi, na hakuna ulinzi wa pili katika saa hizo. Zikiwa za mtumba, toa diski moja iwe ya akiba. RAID 6 ya saba itabaki na terabaiti 6.

Kwenye Windows, diski ya kimantiki (kundi jinsi mfumo unavyoliona) inayozidi terabaiti 2 iwe na jedwali la sehemu la GPT. Kwenye Linux amri ya vgextend itakushawishi kuunganisha kundi jipya na la zamani liwe bwawa moja. Jiulize kwanza: ukipoteza moja kati ya hayo mawili, uko tayari kupoteza mafaili yaliyotandazwa juu ya yote? Mimi huweka kundi jipya kwenye saraka yake peke yake.

Iache seva ifanye kazi wiki moja, kisha usome joto la diski kwenye iLO saa nane mchana, si asubuhi, na ulinganishe diski za kizimba kipya na za zamani. Andika mpangilio mpya wa kebo kwenye karatasi na uibandike ndani ya kava. Na vile vibati ulivyotoa visitupwe: vitie kwenye mfuko, andika modeli ya seva, uufunge kwenye raki. Siku kizimba kikiondolewa, pale panatakiwa pazibwe siku hiyohiyo.